Kabeza, Tunakufa Kikondoo

Ijumaa jioni Kabeza, mtaa wetu wa Kigali, haina mwanamume mwenye shida. Pita mwenyewe ukaone. Anzia sokoni, chukua njia yoyote unayotaka: baa zimejaa, moshi wa burusheti umetanda, ndizi zinageuzwa jikoni, chupa za Primus na Mützig zinafunguliwa mfululizo, na kila meza ina wanaume wanne watano wanaocheka kwa sauti ya kushindana na ndege zinazotua Kanombe. Wote mambo yao safi. Wote "tunapambana, mzee." Wote wana kiwanja Bugesera ambacho wanakaribia kukijenga. Watakueleza APR ilifungwaje, Rayon Sports ilihujumiwaje, kocha wa Arsenal alikosea wapi, maana Arsenal tumeihesabu kuwa ya nyumbani tangu 2018 ilipoanza kuvaa jina la Rwanda begani. Watakueleza bei ya saruji na bei ya dola. Utakaa nao hadi wahudumu waanze kupanga viti, na hutamsikia hata mmoja akisema kwamba kesho inamtia hofu.

Ninaishi hapa, sisimulii ya kuambiwa. Kwenye meza ile yupo anayedaiwa na banki lambert, wale wakopeshaji wa mfukoni ambao riba yao haijui huruma na ambao hawaulizi mshahara wako bali kitu cha kuweka rehani. Yupo aliyeachishwa kazi na ambaye kila asubuhi bado anavaa shati lililopigwa pasi, anaaga nyumbani, anapanda pikipiki hadi Remera na kuzurura huko mpaka jua lizame. Yupo aliyepewa na daktari karatasi ambayo ameikunja na kuisahau makusudi chini ya kiti cha gari. Yupo ambaye yeye na mkewe hawajaongea lolote zaidi ya ada na gesi tangu mvua za mwaka jana. Wamekaa magoti yakigusana, na hakuna anayelijua la mwenzake. Bili ikiletwa wanaigombania, na aliyefilisika kuliko wote ndiye anayepaza sauti zaidi: "Hii yangu!"

Huu tunaouita uanaume ni woga. Sitafuti neno laini. Mtu anayeogopa kumwambia rafiki yake wa tangu utotoni kwamba ameshindwa kulipa ada ya mwanawe si shujaa, hata awe na kifua kipana namna gani. Ameogopa. Na wote waliomzunguka wameogopa kumuuliza, kwa sababu akijibu kweli na wao watalazimika kujibu.

Wazee hawakutusaidia. Mnyarwanda anasema amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Mswahili wa pwani naye hakubaki nyuma: kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Vijana wameifupisha, wanaambiana jikaze kisabuni. Kutoka Ziwa Kivu hadi Bahari ya Hindi amri ni moja, nyamaza ufe vizuri. Lakini hao hao wazee walituachia pia kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba mficha uchi hazai. Hizo mbili sijawahi kuzisikia zikitajwa baa. Katika hazina nzima ya hekima tumechagua zile zinazotuhalalishia kimya, tukaziita utamaduni.

Na machozi yakishafika tumboni yanafanya nini? Hapo wazee walikatiza sentensi. Jibu utalipata Jumapili. Mara mbili kwa mwezi Kigali hufunga barabara kadhaa kwa magari ili watu wakimbie na kutembea, na wahudumu wa afya huweka meza za kupima presha na sukari. Wanaume wa Kabeza tunapanga foleni bila haya. Tunakunja mkono wa shati, tunafungwa kile kitambaa, kinabana, tunasomewa namba, tunatikisa kichwa na kulaumu chumvi. Presha inaruhusiwa. Presha ni ugonjwa wa wakubwa, unaweza hata kuutajia wakwe. Kinachoipandisha presha ndicho hakina meza wala foleni.

Sema nimetia chumvi. Basi sikia hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta karibu Mnyarwanda mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, moja au zaidi. Waliosema wanajua huduma zinapopatikana walikuwa kama 62 katika kila 100. Waliozitumia walikuwa watano. Rudia kusoma: 62 wanajua mlango ulipo, watano wamebisha hodi. Utafiti huo ulikuta pia kwamba wanawake wameathirika zaidi kuliko wanaume, na nimemsikia bwana mmoja akiishika takwimu hiyo kama kombe la ubingwa. Unaona? Sisi ni imara! Imara gani, ndugu yangu? Mtu anayepimwa kwa maswali hupimwa kwa majibu yake, na jibu letu sote tunalijua.

Kutoka Kabeza kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera si safari. Motari, mwendesha pikipiki, atakufikisha kabla hujamaliza kusikiliza habari za redio kwenye simu. Ni hospitali ambayo imewatibu watu wetu kwa zaidi ya miaka hamsini. Tumeigeuza tusi. "Huyo wa Ndera." Watanzania waliifanyia hivyo hivyo Mirembe ya Dodoma, Wakenya wakaifanyia Mathari, Waganda Butabika. Tumejenga hospitali, kisha tukazizungushia ukuta wa kicheko ili asiingie mtu anayejiheshimu. Aliyevunjika mguu tunampelekea matunda. Aliyevunjika moyo tunampa jina la utani.

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka duniani, na kiwango cha wanaume ni kama mara mbili ya kile cha wanawake. Katika ukanda wetu mtu aliyejaribu na akaokolewa alikuwa akingojewa na polisi. Kenya ilisubiri hadi Januari 2025 Mahakama Kuu itamke kwamba kumshtaki mtu kwa kosa hilo ni kinyume cha Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ingali na kifungu chake. Hebu fikiria: mtu amefika ukingoni kwa kunyamaza, na neno la kwanza analoambiwa na serikali yake ni "upo chini ya ulinzi."

Sensa ya 2022 inasema Mnyarwanda wa kike anatarajiwa kuishi miaka 71.2, wa kiume 67.7. Sidai kwamba kimya ndicho kilichomeza tofauti yote. Maumbile yana sehemu yao, barabara ina yake, na chupa ina yake. Ila chupa hiyo tunainywa kwa nini? Wizara ya Afya ilipoanzisha kampeni ya TunyweLess mwaka 2023 kutuomba tupunguze, na serikali ilipoamuru kuanzia Septemba mwaka huo baa zifungwe saa saba usiku, na saa nane mwishoni mwa wiki, Kabeza ililalamika kama vile imenyang'anywa kanisa. Nami nilielewa. Kwa wengi wetu kaunta ndiyo kanisa, maana hapo angalau unakaa karibu na mtu. Tofauti ni kwamba kanisani kuna kitubio. Hapa unalipa, unanywa, na unarudi na mzigo ule ule ukiwa umeulowesha.

Mzigo huo unafikishwa nyumbani. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na ndilo linalopitiwa haraka kila tunapoanza kujihurumia sisi wanaume. Kimya chetu hatukilipii peke yetu. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa 2019-20 ulikuta kwamba karibu nusu ya wanawake waliowahi kuolewa nchini, 46 katika kila 100, wamewahi kufanyiwa ukatili na mume au mwenzi, wa kipigo, wa kitanda au wa maneno. Wanaume waliofanya hayo ni hao hao ambao mezani mambo yao safi. Aibu aliyoshindwa kuisema kwa wanaume wenzake saa mbili usiku ameimwagia mwanamke saa sita. Usiniambie ni pombe. Mbona mlevi huyo huyo hakumpiga mhudumu, hakumpiga mlinzi, hakumpiga anayemdai? Alijizuia kote, njia nzima, hadi alipofika kwa mtu asiyeweza kumrudishia.

Najua utakachonijibu, kwa sababu nakisikia kila wiki. Utasema ni uburinganire, huu usawa wa kijinsia, ndio uliotumaliza. Kwamba serikali imewapa wanawake kila kitu. Tuyachambue basi, kwa utulivu. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Sheria ya familia ya 2016 iliondoa maneno ya zamani yaliyomtaja mume kuwa mkuu wa kaya na kuweka uongozi wa nyumba mikononi mwa wote wawili. Tangu 2008 wanawake ni wengi kuliko wanaume katika Baraza la Wabunge, la kwanza duniani kufikia hapo. Sasa nionyeshe: ni kifungu gani kati ya hivyo kilichokukataza kumwambia mkeo kwamba mshahara haukuingia? Ni mbunge gani aliyekuziba mdomo? Sheria ilikuondolea kiti cha ukuu, na pamoja na kiti ingekuondolea mzigo wake, wa kujua yote, kulipa yote na kubeba yote. Mzigo ukaukumbatia mwenyewe. Ukapoteza cheo ukabaki na uchovu wake, kisha ukamtafuta wa kumlaumu, na kwa bahati mbaya aliyekuwa karibu ni mwanamke aliyekuwa tayari kukusaidia kuubeba.

Mwaka 2023 kanuni za kazi zilirekebishwa na baba akapewa siku 7 za kazi za mapumziko mtoto anapozaliwa, badala ya 4. Siku saba. Ni chache, nakubali, na ningeandika makala nyingine nzima kuzidai ziongezwe kama nisingejua zinakokwenda. Ukimtafuta baba mpya wa Kabeza katika wiki hiyo, usiende nyumbani. Nenda kaunta. Anapokea pongezi.

Na akibaki nyumbani je? Akionekana ananing'iniza nepi kwenye kamba? Basi ameshakuwa inganzwa, mwanamume aliyetawaliwa, na mama mkwe wa jirani atanong'ona kuhusu inzaratsi, dawa za mapenzi. Nimekaa na Watanzania, wao wanasema amelishwa limbwata, ni mume bwege. Wakenya wanasema amekaliwa chapati. Angalia ukarimu wa lugha zetu zilipotaka kumtukana mwanamume mpole! Kila nchi imechangia. Kwa mwanamume anayempiga mkewe hatukujisumbua kutunga kejeli hata nusu ya hizo.

Hata mwanamume anayepigwa yeye mwenyewe tunamcheka. Mwaka 2012 habari za wanaume waliokatwa na kuchomwa na wake zao huko Nyeri zilienea Kenya yote, na kile kilichopaswa kuwa msiba kikawa kichekesho cha redio za asubuhi. Mpaka leo ukitaja Nyeri mbele ya Wakenya, kuna atakayetabasamu. Wanaume ndio walioongoza kucheka. Halafu tunauliza kwa nini mwanamume aliyeumizwa hafiki kituo cha polisi.

Nije kwa wahubiri. Si wa kanisani tu, ingawa nao wapo. Nasema wale wa kwenye simu, wenye vifua vya mazoezi na maneno makavu, wanaowafundisha vijana wetu kwamba mwanamke akiona chozi lako umekwisha, kwamba hisia ni udhaifu, kwamba mwanamume wa kweli hana wa kumwambia. Vijana wa Kabeza wanawasikiliza kwa spika za masikioni huku wakingoja abiria. Nikiri kwamba baadhi ya ushauri wao ni mzuri: amka mapema, fanya mazoezi, acha kubeti, weka akiba. Ila sumu imewekwa ndani ya uji huo. Wanamchukua kijana mpweke na kumuuzia upweke wake mwenyewe, wakiwa wameubandika jina la nguvu. Na wao, nakuhakikishia, hawapigi kelele hizo bure. Kijana huyo ndiye anayelipa, kwa vifurushi vya intaneti.

Lakini haki itendeke pia upande wa pili. Wapo wanawake wanaotaka mume afunguke, kisha akifunguka humkumbusha alichokisema katika ugomvi wa kwanza utakaotokea, mbele ya dada zao. Hilo lipo, na linauma, na limewafunga wengi mdomo kwa maisha. Sitalificha ili kupendeza. Ila silikubali kuwa ruhusa ya kunyamaza. Kama umeungua kwa mmoja, hujaungua kwa wote; na zaidi ya hapo, nani kasema mke ndiye pekee wa kuambiwa? Huo nao ni uvivu wetu. Tukiamua kulia tunamlilia mke peke yake, tunamgeuza mganga, mama na mhasibu wa huzuni zetu, wakati rafiki zetu wa miaka yote tunawatunzia habari za mpira. Na wapo walionusa kwamba siku hizi mwanamume mwenye machozi anapendwa, wakajifunza kutoa machozi kila wanapofumaniwa. Hao nawatoa nje ya safu hii. Machozi yanayomaliza maswali ya mke si udhaifu uliokubaliwa, ni ujanja.

Katika nchi hii kimya cha wanaume kina uzito ambao majirani zetu hawanao. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua zaidi ya watu milioni moja ndani ya siku mia moja. Utafiti ule wa 2018 ulikuta kwamba kati ya manusura, zaidi ya nusu wana tatizo la afya ya akili. Kila Aprili, tunapokusanyika kukumbuka, mayowe ya kiwewe yanapoanza, wengi wanaobebwa kwenda kwenye hema la huduma ni wanawake na wasichana. Wanaume utawaona wakiondoka polepole, mmoja mmoja, kuelekea nyuma ya magari, mikono mfukoni. Sitawafokea hao. Kimya chao sikigusi kwa kalamu hii. Ninachosema ni kwamba hata wao, wenye haki kuliko sisi wote ya kukosa maneno, wapo waliokubali kuketi na kusema.

Mwaka 2005, Byumba, chini ya dayosisi ya Anglikana, ilianza kazi inayoitwa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Kikundi kidogo cha majirani hukutana kila wiki kwa wiki 15. Wanaketi manusura, waliotoka gerezani, wajane, wanaume wazima wenye mvi ambao jembe ndilo lililowakomaza mikono. Hakuna sofa, hakuna daktari mwenye miwani. Kuna benchi, na utaratibu wa kusikilizana. Wakulima wa Byumba waliweza kukaa na mtu ambaye familia yake iliwaua ndugu zao, wakasema. Sisi wa Kabeza, wenye magari, vyeo na akaunti za dola, tumeshindwa kumwambia mwenzetu wa darasa moja kwamba tunadaiwa.

Na usiniambie mwanamume wa Kinyarwanda habadiliki. Kliniki za wajawazito zilipoanza kuwaalika waume waje kupima virusi vya ukimwi pamoja na wake zao, nchi nyingi za Afrika zilibaki na mabenchi matupu. Hapa walikuja. Walifika zaidi ya wanane katika kila kumi. Walialikwa, wakapewa sababu, na muhimu zaidi walimwona jirani yao naye amekaa kwenye benchi.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi. RWAMREC, shirika la wanaume lililoanzishwa mwaka 2006, lilianza mwaka 2013 mpango wa Bandebereho pamoja na wenzao wa Equimundo. Wanaume vijana wanaotarajia mtoto au wenye watoto wadogo walikutana mara 15, mara nane kati ya hizo wakiwa na wake zao. Walizungumza habari za fedha, mimba, pombe, hasira, baba zao. Walijaribiwa kisayansi, karibu kaya 1,200 katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana, nusu wakipata mafunzo na wengine wakikosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika kaya zilizokosa mafunzo, wanawake 57 katika kila 100 walisema walipigwa au kuumizwa na waume zao katika mwaka uliotangulia. Katika zile zilizopata, 33. Theluthi bado ni aibu, sipigi makofi. Lakini hakuna gereza wala hotuba iliyowahi kushusha kipigo kiasi hicho kwa vikao 15. Watafiti walirudi miaka sita baadaye wakakuta tofauti ipo bado, na dalili za sonona ni chache kwa mke na kwa mume vilevile. Soma majina ya wilaya zile tena. Kicukiro, wilaya yetu, haimo. Mkulima wa Nyaruguru amefundishwa kuzungumza na mkewe, na mhandisi wa Kabeza anafundishwa na kipaza sauti cha baa.

Baba yangu hakupata kikao hata kimoja. Alirudi kutoka Tanzania baada ya 1994, akiwa na begi na ufundi wake, akafanya kazi hadi mwili ukakataa, na yote aliyoyaona njiani alikwenda nayo. Siku tulipomzika Rusororo wajomba walinizunguka, komera, jikaze, sasa wewe ndiye baba. Nilijikaza vizuri sana, kila mtu alinisifu. Wiki kadhaa baadaye nikapita kwa fundi viatu pale sokoni, akaniuliza mbona mzee hajaja kuchukua viatu vyake, vipo tayari siku nyingi. Nililia pale pale, juu ya kigoda, mchana kweupe, wanawake wakipita na vikapu vya nyanya. Fundi hakusema jikaze. Alinisogezea kigoda kivulini, akaendelea kushona, na baada ya muda akaanza kunieleza jinsi baba alivyokuwa akibishania bei. Tulicheka. Soko halikufungwa. Hakuna aliyeniita inganzwa, na kama yupo aliyeniita hakunipunguzia kitu.

Huyo fundi hakuwa na cheti cha ushauri nasaha. Alikuwa na kigoda cha ziada na muda. Sisi kwenye ikimina chetu, kikundi cha akiba, tunakutana, tunahesabu fedha hadi faranga ya mwisho, tunajua nani hajaleta mchango na tunamtoza faini. Hatumuulizi kwa nini hajaleta. Daftari lina safu ya jina, safu ya kiasi, safu ya adhabu. Mwenye kuchelewa mara tatu anafukuzwa, na siku akianguka tunachanga haraka kwa ajili ya jeneza. Kwa jeneza hatujawahi kuchelewa.

Kwa hiyo nina maombi, na nayataja kwa anwani. Wakuu wa mitaa ya Kabeza, ule umugoroba w'imiryango, jioni ya familia, mnaouitisha na kuwapata wanawake watupu, msituandikie tena matangazo. Mnajua tulipo Ijumaa saa kumi na mbili. Tufuateni huko, kabla ya chupa ya kwanza. Wenye baa, zimeni spika kwa saa moja. Hamtafilisika, tutakunywa baadaye. Wilaya ya Kicukiro, ombeni Bandebereho ije mjini, kwa mainjinia, motari, walinzi na wachuuzi wa vocha, kama ilivyoingizwa Musanze kwa mikono ya wahudumu wa afya ya jamii. Wabunge, ongezeni zile siku saba, na mwajiri apewe njia ya kuhakikisha baba yupo nyumbani. Viongozi wa vikundi vya akiba, ongezeni safu moja kwenye daftari.

Nawe ndugu yangu unayesoma haya huku ukiwa umeshika chupa ya pili, usinitumie pongezi. Ijumaa hii mtoe rafiki yako mmoja nje, pale penye giza kidogo karibu na majiko, umwambie unadaiwa kiasi gani. Mtajie kiasi kamili, na mtajie anayekudai. Kisha umuulize yeye anadaiwa nini, usimkatize mpaka amalize.